Maswali ya Wasomaji: Mashine za Gemu Tamashani

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja. Matamasha ya mashabiki wa katuni, anime na gemu yanazidi kupendwa, na kila mwandaaji anataka kona ya mashine za gemu za kusimama, zile zenye skrini ndani ya kabati, jostiki na vitufe. Wengi wanauliza waweke mashine ngapi. Sisi tungewaomba waulize swali jingine kwanza: ni ngapi zitakuwa bado zinachezeka saa kumi na moja jioni ya siku ya mwisho? Ukumbi wa mashine 30 ambamo 12 zimezimwa na kubandikwa karatasi unawavunja watu moyo kuliko ukumbi wa mashine 15 zinazofanya kazi zote. Majibu yaliyo hapa chini yameandikwa kwa kuzingatia hilo.

Tutoze sarafu au watu wacheze bure?

*Hamjambo wahariri? Tunaandaa tamasha la siku mbili hapa Nairobi na tumeazima mashine 12 kutoka kwa watu watatu. Mwenzangu anataka kila mchezo uwe shilingi 50 ili turudishe pesa za lori. Mimi naona ni usumbufu. Nani ana haki? (Mwandaaji, Nairobi)*

Haki ni yako. Pesa za lori zitieni kwenye tiketi ya mlangoni, kisha mashine zote zifunguliwe. Kifaa cha kupokea sarafu kimepimwa kwa sarafu ya kwao, yeni 100 au senti 25 za Marekani. Sarafu yetu ama kitaitema, ama kitaimeza na kukwama. Mkinunua vifaa vya kupokea tokeni itabidi awepo mtu wa kuuza tokeni na mwingine wa kuwafidia waliomezewa, na foleni yote itahamia mezani kwao. Lipo na hili: mitaani kwetu mashine inayomeza sarafu ina jina baya. Serikali ya Kenya imewahi kukamata na kuteketeza mashine za kamari, na Tanzania kila mtu anajua dubwi, ile mashine ya kamari ya mitaani. Meneja wa ukumbi au askari anayepita atauliza tu. Mashine ambayo haipokei pesa haihitaji kutetewa.

Kuifungulia mashine kuna njia tatu. Bodi za zamani, yaani mabamba ya saketi yanayobeba gemu, zina safu ya swichi ndogo, kwa kawaida nane nane, na kitabu cha gemu kinaeleza ipi iwashwe ili mchezo uwe wa bure. Zima umeme kwanza, kwa sababu bodi nyingi huzisoma swichi hizo wakati wa kuwaka tu. Gemu za baadaye zina kitufe cha majaribio nyuma ya mlango wa sarafu. Ukikibonyeza unapata menyu, na humo mna mpangilio wa sarafu. Gemu isiyo na chaguo hilo kabisa utaiwekea kitufe cha kuongeza nafasi ya kucheza. Kama mashine inafuata mpangilio wa JAMMA, ule wa pini 56 ambao watengenezaji wa Japani walikubaliana mwaka 1985, basi pini 16 ni ya sarafu ya mchezaji wa kwanza, pini T ya mchezaji wa pili, na pini 1 na 2 ni waya hasi. Unganisha kitufe kati ya 16 na 1. Kiwe kitufe kinachorudi chenyewe. Ukitumia swichi inayobaki imefungwa, bodi itadhani sarafu imekwama na baadhi zitaonyesha kosa na kusimama.

Halafu zibeni tundu la sarafu kwa tepu. Watoto husukuma sarafu ndani hata mchezo ukiwa wa bure.

Mchezo wa bure una ubaya mmoja, nao ni mtu kung'ang'ania mashine. Pandisheni ugumu hatua moja juu ya kawaida, na kama menyu inaruhusu, ondoeni nafasi ya kuendelea baada ya kufa. Katika gemu za kupigana acheni saa ya raundi iendelee kuhesabu.

Kwa kuwa mashine ni za watu watatu, kila moja ipewe namba kubwa ya tepu, ipigwe picha pande zote nne pamoja na skrini ikiwa inawaka, na iandikiwe karatasi: kasoro ilizokuja nazo, nani ana ruhusa ya kuifungua, na nani atalipa kitakachoharibika. Mwenye mashine na mwandaaji watie sahihi kabla haijashushwa kwenye lori.

Umeme wa mashine 20

*Shikamooni. Mimi ni fundi umeme kijana, Dar es Salaam. Nimepewa kazi ya umeme wa mashine 20 ukumbini: nane zimetoka Japani, nne Marekani, na nane zimeundwa hapahapa kwa kutumia TV bapa. Niandae nini, na umeme ukikatika tufanyeje? (Fundi, Kinondoni)*

Marahaba, kijana. Anza na kibati kilicho nyuma ya kila mashine. Ya Japani itasema volti 100, ya Marekani 115 au 120, na ukutani kwako ziko 230. Adui mkubwa wa mashine hizi ni adapta ya plagi, maana inabadilisha umbo la meno na kuziacha volti zilezile. Mtu mwenye nia njema anaona plagi haiingii, anatafuta adapta, na sekunde moja baadaye pawa saplai imekwisha. Piga marufuku adapta ukumbini. Soketi za meno bapa za Japani na Marekani ziwe kwenye transfoma peke yake, na kila plagi iandikwe volti zake kwa kalamu nene.

Transfoma nyingi madukani hushusha hadi 110. Mashine ya volti 100 kwa kawaida huvumilia asilimia 10 juu au chini, kwa hiyo 110 ni ukingoni kabisa, na umeme wa ukutani ukipanda kutoka 230 hadi 245 transfoma nayo itatoa 117. Kwa mashine za Japani tafuta transfoma yenye sehemu ya kutolea volti 100. Kabati lenye skrini ya kioo kinene ya inchi 29 hutumia takriban wati 100 hadi 150 likishatulia, lakini wakati wa kuwaka, koili inayosafisha usumaku wa skrini pamoja na kapasita huvuta mara kadhaa ya hapo. Chukua transfoma ya VA 300 (volti-ampea, kipimo cha uwezo wake) kwa mashine moja au VA 500 kwa mbili. Kununua transfoma moja kubwa ya mashine zote nane ni uchumi mbaya: ikiungua umepoteza nane.

Transfoma haigusi hezi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde. Kwa mashine za Japani hilo si tatizo, kwani Tokyo wanatumia hezi 50 kama sisi na Osaka wanatumia 60, hivyo watengenezaji walilazimika kuzingatia zote mbili. Za Marekani zimezoea 60. Kwenye 50 transfoma iliyo ndani ya mashine hupata joto zaidi. Futa vumbi kwenye matundu ya nyuma, weka feni, na baada ya saa moja ya kazi zima, chomoa, ndipo uipime kwa kiganja. Ikiwa huwezi kuacha mkono juu yake, mashine hiyo ipumzishwe mara kwa mara.

Usidanganyike na swichi ndogo ya 115/230 unayoiona kwenye pawa saplai. Inahusu bodi tu. Skrini ina transfoma yake na taa ya bango la juu ina balasti yake, na vyote viwili vitaungua ukizungusha swichi hiyo na kuchomeka ukutani.

Sasa hesabu. Mashine nane kwa wati 150 ni 1,200. Nne kwa 200 ni 800. Nane za TV kwa 120 ni 960. Jumla haifiki wati 3,000, yaani ampea 13, na mtu anaweza kushawishika kuzitundika zote kwenye soketi moja. Zigawe katika saketi nne za mashine tano tano, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ule mvuto wa kuwaka: sakiti breka za aina B huanguka hata mzigo ukiwa mdogo, aina C huvumilia zaidi, na hata hivyo washa mashine moja moja, ukiacha sekunde tano kati yake. Ya pili hupuuzwa sana. Kila pawa saplai ina kichujio kinachovujisha umeme kidogo kwenda ardhini, miliampea moja au mbili hivi. Mashine moja haina neno. Mashine 20 chini ya kifaa kimoja cha kukata umeme unaovuja, chenye kikomo cha miliampea 30, zitakiangusha bila hitilafu yoyote, na hapo ndipo mtu hukata waya wa ardhi ili "isisumbue". Waya huo usiguswe. Mchezaji ameshika jostiki ya chuma na amesimama kwenye sakafu ya saruji.

Ekstensheni ya kuzungusha ifunguliwe yote, hata kama unahitaji mita tatu tu, maana waya uliobaki umejikunja hupata joto na kuyeyuka. Nyaya zipite nyuma ya mashine. Zinapolazimika kukatiza njia ya watu, zifunikwe kwa kifuniko cha mpira. Tepu peke yake haifiki jioni.

Umeme ukikatika, mtu mmoja ambaye kazi hiyo ni yake azime swichi kuu za saketi zote nne papo hapo. Kinachoua mashine mara nyingi ni umeme unaporudi kwa kishindo huku zote zimewashwa. Jenereta ikishawaka ipe dakika mbili, pima, na ukiona kati ya 220 na 240 washa moja moja. Kile kifaa cha kulinda friji, kinachochelewesha umeme kurudi, kinafaa sana hapa. Mashine zenye kompyuta na diski ndani zipewe UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri ya kushikilia umeme, ili zizimwe kwa utaratibu. Zile za skrini za kioo kinene usizichomeke kwenye UPS ya bei nafuu. Ile koili ya kusafisha skrini itaizidi nguvu.

Kuunda kabati kwa TV

*Habari zenu. Klabu yetu ya chuo, Eldoret, inataka kuunda makabati manne kwa plaiwudi. Tumeona kuna bodi za bei rahisi zenye gemu zaidi ya elfu. Je, zinafaa? Na tuchague TV gani? (Katibu wa klabu)*

Bodi hizo tunazikataa. Gemu zilizomo kwa kawaida zimenakiliwa bila idhini ya wenyewe, na tamasha la hadhara lenye wadhamini si mahali pa kuonyesha mali ya wizi, hasa pale ambapo wachoraji na waundaji wa gemu wetu wenyewe wameweka meza zao wakiomba kazi yao iheshimiwe. Kiufundi pia ni dhaifu: gemu nyingine hukwama na sauti hukatika. Kompyuta ya kawaida au konsoli yenye mkusanyiko wa gemu za zamani ulionunuliwa itafanya kazi bora. Someni pia masharti ya mwenye gemu kuhusu mashindano na maonyesho ya hadhara kabla ya kutangaza chochote.

Kwenye TV, angalieni ucheleweshaji kabla ya ukubwa. Gemu nyingi huchora picha 60 kwa sekunde, kila moja ikidumu milisekunde 16.7. TV inayoipamba picha kabla ya kuionyesha inaweza kuchelewa milisekunde 50 hadi 100, maana yake picha tatu hadi sita. Mchezaji mzuri wa gemu za kupigana atalihisi hilo katika dakika ya kwanza na hatarudi. Washeni hali ya gemu kwenye menyu, zimeni vilainisha-picha vyote, kisha muijaribu TV dukani kabla ya kulipa. Gemu za zamani zilichorwa kwa uwiano wa 4:3, hivyo acheni pembeni pawe peusi, msiivute picha.

Kwa mbao, plaiwudi ya milimita 18 inatosha. Paneli ya vitufe iwe sentimita 95 kutoka sakafuni, na upana wake usipungue 75 kwa wachezaji wawili. Chini ya hapo viwiko vitagombana. Matundu ya vitufe ni milimita 30, ya kitufe cha kuanza 24. Waya hasi wa vitufe vyote hupita kama mnyororo kutoka kimoja hadi kingine, kwa hiyo mkiona vitufe vyote kuanzia cha nne vimekufa kwa pamoja, msivibadilishe: kiungo cha waya kati ya cha tatu na cha nne kimechomoka.

Vidhibiti viwe vya waya. Vile visivyo na waya hukosa kuungana ukumbi unapojaa simu, na mchezaji aliyeleta chake akisahau kukitenganisha na konsoli, kitawaka ndani ya begi lake na kuukatiza mchezo wa wengine.

Unyevu wa pwani

*Assalam aleikum. Mashine zetu zinahifadhiwa ghalani Mombasa. Kila tukizipeleka tamashani mbili tatu haziwaki, na wiki iliyopita zilikuwa nzima. (Msomaji, Nyali)*

Waaleikum salaam. Hewa ya chumvi inatia kutu kwenye meno ya bodi na kwenye soketi zake, na mtikisiko wa lori unamalizia kazi. Umeme ukiwa umezimwa, chomoeni bodi, sugueni meno yake kwa kifutio cheupe cha penseli, pangusa kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, acheni ikauke, rudisheni. Angalieni upande: kwenye bodi za JAMMA, nafasi ya pini 7 huwekwa kizuizi ili bodi isiingie kichwa chini. Kizuizi hicho kikikosekana, bodi iliyogeuzwa huungua papo hapo.

Ghalani, makabati yainuliwe kwa mbao yasiguse saruji, na kila moja liwashwe saa moja kwa wiki. Joto lake hufukuza unyevu. Mashine inayotoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kuingia hewa ya nje isiwashwe mara moja. Unyevu wa hewa hugeuka matone ya maji juu ya vyuma vilivyo baridi. Iacheni saa moja milango yake ya nyuma ikiwa wazi.

Kwenye lori kabati lisimame wima, lifungwe mikanda miwili, skrini ikiangalia ukuta wa lori na blanketi katikati. Kabati moja hufika au kuzidi kilo 100, na uzito mwingi uko juu na mbele kwenye skrini. Kwa hiyo toroli liingie kwa nyuma, na watu wawili, si mmoja.

Vipuri na wahudumu

*Salaam kutoka Kampala. Tuna mashine 10 za wachezaji wawili, vitufe sita kila mmoja. Tubebe vipuri gani, na tuhitaji watu wangapi? (Mratibu)*

Mna vitufe 120 vya kuchezea. Bebeni 20 vya milimita 30, sita vya 24, jostiki nzima nne, na swichi ndogo 20. Kabla ya kununua, fungueni paneli mpime vishikio vya waya: vitufe vya Kijapani, kama vya Sanwa, vinachukua vishikio vya milimita 2.8, na swichi za mtindo wa Kimarekani vya milimita 4.8. Haviingiliani. Swichi ya meno matatu hufungwa kwenye jino la pamoja na lile la kawaida-wazi. Ukikosea, gemu itaona kitufe kimebonyezwa muda wote na mhusika ataruka bila kusimama.

Fyuzi zichukuliwe tano za kila kiwango mlicho nacho, za urefu wa milimita 20 na za 32. Iliyoungua ibadilishwe mara moja kwa kiwango kilekile. Ikiungua tena, mashine izimwe. Kuifunga fyuzi kwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ni kuwasha moto ndani ya sanduku la mbao lililozungukwa na watoto. Kizimamoto cha karibu kiwe cha kaboni dayoksaidi.

Chombo kitakachowaokoa zaidi ni mita ya umeme. Gemu inayojizima na kuwaka upya yenyewe, au inayoonyesha picha zilizochanganyika, mara nyingi inakosa volti 5 kamili. Pimeni kwenye meno ya bodi, si kwenye pawa saplai, kwa sababu volti hupotea njiani ndani ya nyaya. Chini ya 4.75 bodi inayumba. Zungusheni skrubu ndogo ya pawa saplai polepole hadi 5.00 au 5.10, na msivuke 5.25. Ikiwa mmepata 5.1 kwenye pawa saplai na 4.6 kwenye bodi, tatizo ni waya au kiungo kilichopata kutu, na kuongeza volti hakutakiponya.

Skrini ni habari nyingine. Rangi moja ikikosekana, angalieni waya wake kwenye JAMMA: nyekundu pini 12, kijani N, bluu 13. Picha ikizunguka juu chini, waya wa pini P umelegea. Madoa ya rangi pembeni yanaletwa na sumaku, na mara nyingi ni spika kubwa ya jukwaa iliyosogezwa karibu. Isogezeni, kisha mzime na kuwasha baada ya nusu saa. Lakini picha ikiwa mstari mmoja mkali katikati, zimeni papo hapo kabla haujaunguza kioo, na msifungue. Ndani ya skrini hizo mna zaidi ya volti 20,000, na nyingi hubaki hata plagi ikiwa mkononi mwako. Mtu ambaye hajafundishwa kuitoa chaji hiyo asipeleke mkono wala bisibisi huko, hata mkiwa na foleni ya watu mia.

Watu: mhudumu mmoja kwa mashine nane hadi kumi, kwa zamu za saa nne, pamoja na fundi mmoja asiyepewa kazi nyingine yoyote. Kwenu hao ni wahudumu wawili wa kupokezana, na fundi. Mhudumu azunguke kila nusu saa akijaribu kila kitufe kwa mkono wake, maana wachezaji hawasemi, huondoka tu. Kasoro iandikwe kwenye daftari: namba ya mashine, saa, dalili. Fundi apewe dakika kumi. Zikipita, mashine izimwe, ibandikwe karatasi, na ishughulikiwe usiku. Kabati lililofunguliwa katikati ya umati ni hatari, nalo linamla fundi wakati mashine nyingine tatu zinamsubiri. Nyuma ya kila safu acheni sentimita 60 za fundi kupita, na mbele mita moja na nusu.

Pinboli Marekani

*Wapendwa, mimi ni mwana wa Nakuru ninayeishi Baltimore. Nina mashine ya pinboli, ile ya meza yenye kioo ambamo mpira wa chuma hupigwa kwa mabawa, na ningependa kuipeleka MAGFest, National Harbor. Niifungeje na niitunzeje muda wote huo? (Msomaji, Maryland)*

Tamasha hilo la Januari linaishi kwa moyo wa watu kama wewe, kwani mashine nyingi za ukumbi wake huletwa na wakusanyaji binafsi na huchezwa bure. Jiandikishe mapema, ukieleza vipimo na wati.

Kwanza toa mipira yote. Kila mmoja ni chuma cha gramu 80, na ukiusahau ndani utavunja plastiki zote barabarani. Kunja kichwa cha nyuma juu ya blanketi, kifunge mkanda, kisha toa miguu minne yenye bolti mbili mbili. Kioo cha juu kimeimarishwa kwa joto: kinavumilia vishindo vya katikati, lakini kona yake ikigusa saruji kinasagika chote. Kiegemeze kwenye katoni.

Ukishaisimamisha, ipime mwinamo wa nyuzi 6.5 kwa urefu na usawa kamili kwa upana. Weka mipira mipya. Mpira uliochunika husaga mbao ya kuchezea, na katika tamasha la siku nne madhara yanaonekana kwa macho. Ondoa mpira wa ziada na zawadi ya mchezo wa bure kwenye menyu, acha mipira mitatu, foleni itatembea. Kufikia jioni mabawa ya kupigia yatalegea kwa sababu koili zimepata joto na ukinzani wake umepanda. Ipumzishe nusu saa kabla ya kuanza kurekebisha chochote. Saketi ya huko ya ampea 20 kwa volti 120 isibebe zaidi ya wati 1,920 kwa muda mrefu, kwa hiyo muulize mwandaaji umewekwa na nani kwenye laini moja.

Mashindano ndani ya siku moja

*Tunataka mashindano ya Tekken 8 ya watu 32, Arusha, mtoano wa kupoteza mara mbili. Tuna stesheni nne. Yatachukua saa ngapi? (Msomaji)*

Watu 32 katika mfumo huo ni mechi 62, au 63 fainali ikirudiwa. Mechi ya tatu-bora, yaani ya kushinda michezo miwili kati ya mitatu, pamoja na kukaa na kuweka vitufe ni kama dakika 10, na dakika 620 kwa stesheni nne ni 155. Msitangaze saa mbili na nusu lakini. Mwishoni mechi hungojana, zikibaki mbili hadi moja kwa wakati huku stesheni nyingine zimelala, na wapo watakaokwenda kula. Pangeni saa nne. Asiyefika dakika tano baada ya kuitwa apoteze mechi.

Stesheni hizo zisitolewe kwenye mashine za umma. Aliyelipa tiketi bila kujiandikisha ana haki ya kucheza pia. Huko kwa umma tumieni mshindi abaki, ila akishinda mara tatu apishe, na zamu zitunzwe kwa kadi zenye namba kwenye ndoano pembeni ya mashine. Gemu za damu ziwekwe mbali na zile za watoto, na upande wa watoto muweke vigoda imara vya sentimita 20, vipana, visivyopinduka.

Soda

*Mtu amemwaga soda juu ya vitufe. Haraka, tufanye nini? (Ujumbe mfupi, Morogoro)*

Zimeni ukutani, chomoeni. Fungueni paneli, itazame chini ili soda isiteremke kwenye bodi. Ng'oeni vitufe vilivyolowa, vioshwe kwa maji ya uvuguvugu bila swichi zake, na swichi zenyewe zibadilishwe, kwani sukari ikikauka ndani hunasa. Paneli ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Msitumie dawa ya vioo yenye amonia kwenye plastiki angavu, hupasua nyufa ndogondogo. Kaushieni kwa feni, si kwa kikaushia nywele chenye moto. Mkiwa na vitufe vya akiba, mashine itarudi kazini ndani ya dakika 20. Na meza ya vinywaji muihamishie upande wa pili wa ukumbi leo hii.